Droo ya Mtu Aliyekuwa Tayari

Mama Kwaheri alifungua masjala ya ofisi ya ardhi saa moja na dakika kumi asubuhi, akatundika mfuko wake kwenye msumari, akachukua kitambaa cha vumbi, na kabla hajafuta chochote akajua kuna mtu ameigusa droo yake. Jana jioni aliisukuma mpaka ikagonga. Leo ilikuwa imetokeza nje upana wa vidole viwili. Ndani hamkuwa na kitu, wala jana hamkuwa na kitu. Aliyeifungua, basi, alitaka tu kuhakikisha kwamba ni tupu.

Akaifunga. Akafuta meza. Miguu ilikuwa inamuuma, maana nauli ilipanda tena juzi na tangu hapo asubuhi anatembea.

Kazi yake ilikuwa kubeba majalada. Ofisi hii ikitaka jalada la kiwanja, yeye hulitoa kwenye rafu na kulipeleka. Likirudi, hulirudisha mahali pake. Kila safari aliiandika kwenye daftari kubwa lenye gamba jeusi: namba, tarehe, limekwenda kwa nani, na mwisho sehemu ya mpokeaji kutia saini. Miaka tisa amebeba, na hakuna aliyewahi kusema amepoteza hata karatasi.

Jina la Mama Kwaheri alilipata humo humo kazini. Kila jioni, wenzake wakiwa wameshashika mifuko, yeye alikuwa anasuuza kikombe, anamwaga droo yake hadi kalamu ya mwisho, kisha anapita mlango kwa mlango. "Kama nimekukosea leo, nisamehe. Kwaheri."

Dada mpiga chapa hakuchoka kumtania. "Mama Kwaheri, leo ndiyo unahamia mbinguni, au kesho tuonane?"

"Mungu akipenda tutaonana."

"Asipopenda, kile kikombe cha maua niachie mimi. Usimpe mlinzi, atakivunja."

Tabia hiyo alifundishwa na Mzee Miwani, karani wa meza ya dirishani, mzee wa kanisa lao, mtu mwenye sauti ndogo na koti moja. Mzee Miwani aliamini kwamba Bwana anaweza kumwita mtu akiwa anafunga kamba za viatu, na kwamba kukesha ni kuwa tayari hata katika hilo. "Funga kazi kama mtu asiyerudi," alimwambia. "Atakayekalia kiti chako kesho asikute uchafu wako."

Na kweli aliitwa akifunga kamba za viatu. Wiki mbili na siku tatu zilizopita aliketi kibarazani kwake, akainama, hakuinuka. Ofisini walipofungua droo yake hawakukuta hata pini. Imefutwa, inanukia sabuni. Mahali pengine watu wangesema huyu alikuwa mtu wa Mungu. Pale walitazamana. Mtu amekufa ghafla, droo yake imefagiliwa? Alijuaje? Alikuwa anakimbia nini? Kufika saa nne za siku ile neno lilikuwa limeshateremka hadi kwa mlinzi wa geti: mzee ameondoka na kitu.

Kitu chenyewe kikaonekana wiki iliyofuata. Jalada la kile kiwanja cha wazi nyuma ya zahanati, ambako akina mama wenye watoto walikuwa wakisubiri zamu chini ya turubai, halikuwepo kwenye rafu. Kiwanjani mtu alikuwa ameshachimba msingi na kumwaga zege. Makao makuu wakaandika: Ijumaa tunakuja, tunataka jalada. Leo ilikuwa Jumatano.

Saa tatu Mkuu wa ofisi akamwita.

"Karibu, mama. Kaa."

Mama Kwaheri akatazama kiti. Miaka tisa ameingia chumba hiki mara ngapi, na hajawahi kuambiwa akae. Akakaa ukingoni.

"Nimesikia mguu unakusumbua. Pole sana." Mkuu akasogeza karatasi juu ya kioo cha meza. "Hii ni shughuli ndogo tu. Soma, utie saini, urudi kazini."

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Mimi niliyetajwa hapa chini nathibitisha kwamba jalada lililotajwa hapo juu nilimkabidhi marehemu kwa mkono, na tangu siku hiyo sijaliona tena. Chini yake jina lake kamili, na nukta nukta za saini.

Aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne moja, Mzee Miwani akiwa bado hai. Mikono iliyolibeba jalada lile ilikuwa yake, na lilikuja humu humu. Aliliweka juu ya kioo hiki. Mkuu alikuwa kwenye simu, akamwashiria kwa kidevu: weka hapo. Kwenye daftari, sehemu ya saini ilibaki nyeupe, na hapakuwa na ajabu, maana wakubwa hawatii saini daftari la mhudumu. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini thubutu kumpelekea kalamu! Atakuuliza kama unamwona mwizi. Jalada la mkubwa huenda kwa heshima, likirudi unaweka alama ya vema, yameisha. Hili halikurudi.

"Mheshimiwa," alisema, "mbona mimi nakumbuka nili..."

"Usikumbuke haraka." Mkuu hakupandisha sauti. "Sikiliza kwanza. Droo ya marehemu, tupu. Droo yako, tupu. Watu wawili, kanisa moja, wanaagana kila jioni kama wasafiri. Wageni wa Ijumaa watasemaje? Mimi najua wewe ni mama mwema. Wao hawakujui."

"Tunamwaga droo kwa ajili ya..."

"Najua, najua. Kiyama." Akatabasamu. "Mtu asiye na hatia, mama, huacha vitu vyake mezani. Anajua kesho atarudi."

Mama Kwaheri akaliacha hilo lipite. Akauliza jingine. "Na mjane wake? Anakaa nyumba ya idara. Mkiandika mumewe kaiba, si mtamtoa?"

"Ana ndugu zake. Na marehemu ameshapumzika, hakuna linalomuuma. Wewe ndiye mwenye mjukuu wa kulea."

"Nipe hadi saa nane, mheshimiwa. Nisali."

"Sali," alisema Mkuu. "Ila kalamu isiwe mbali."

Saa sita wote walikuwa uani kwenye benchi wakila. Siku hizo watu walikuwa wanakata mkate vipande vyembamba mpaka unaona upande wa pili, lakini dada mpiga chapa akaja kukaa karibu naye na kumwekea nusu nzima ya mkate wake. Mama Kwaheri akautazama ule mkate. Huyu naye, tangu lini?

"Kula, mama. Sijatia sumu."

"Sijasema umetia."

"Macho yako yanasema." Dada akageuka nyuma, akainamisha kichwa. "Saini tu. Ile karatasi nimeichapa mimi, na nimeichapa mara mbili. Ya kwanza haikuwa na marehemu. Ilikuwa inasema ni wewe uliyetoka nalo. Mkuu akaisoma, akasema ngoja, huyu bado anapumua, atabisha. Weka yule mwingine."

Mama Kwaheri akauweka mkate chini. "Na ile ya kwanza iko wapi?"

"Kwenye kompyuta. Haifutwi. Unaelewa? Ukikataa hii, wanaitoa ile." Akasimama, akakung'uta sketi. "Mimi sijakwambia kitu. Nilikuja kukuomba chumvi."

Kama alitumwa kumtisha au alikuja kumwokoa, Mama Kwaheri hakuweza kupambanua, na labda dada mwenyewe hakujua.

Alirudi masjala, akaenda hadi rafu ya mwisho kule kwenye taa iliyoungua, akapiga magoti kati ya majalada ya mipaka na majalada ya hati. Alitaka kuomba ujasiri, lakini lililomjia ni sauti ndogo ya Mzee Miwani, siku chache kabla hajafa, akiegemea kaunta: "Mama, lile la nyuma ya zahanati limerudi?" Naye akajibu, "Litarudi, mzee." Kesho kutwa yake akauliza tena, akivua miwani na kuifuta kwenye koti. "Liko wapi hasa?" Naye akasema, "Liko njiani." Akatazama pembeni. Aliogopa kutaja chumba.

Jioni ile ile alipita mlango kwa mlango akiomba radhi. Alimwomba radhi mlinzi kwa kumcheleweshea ufunguo. Alimwomba radhi dada kwa kijiko cha sukari. Alipofika kwa Mzee Miwani akasema maneno yale yale ya siku zote, kwa sauti ile ile, mzee akasema amesamehe, na hakujua anasamehe nini. Akafa bila kujua.

Basi miaka tisa alikuwa anajiandaa na safari kwa kufuta meza. Angeanguka papo hapo kati ya rafu, wangekuta droo safi na daftari lenye pengo jeupe, na pengo lile ndilo lingemtangulia mbele ya Bwana. Alibaki pale magotini muda mrefu, mguu ukafa ganzi. Hakuna ujasiri uliokuja. Akainuka bila huo, akishikilia rafu.

Saa nane kamili alisimama mbele ya kioo cha meza. Mkuu akamsogezea kalamu. Mama Kwaheri akaichukua ile karatasi, akaigeuza mgongo, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba:

Jalada nililibeba mimi. Nililileta kwa Mkuu, Jumanne, nikaliweka juu ya meza yake. Hakutia saini na mimi sikumwomba. Hilo ni kosa langu. Marehemu hakuligusa. Aliniuliza, nikamficha.

Akatia saini. Jina likapanda mlima.

Mkuu aliisoma akiwa amekaa vile vile. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

"Umemaliza? Nani ataisoma, mama?"

"Wageni wa Ijumaa."

"Ipi?" Akagusa mfuko wa shati. "Weka funguo hapo. Kakae nyumbani usubiri barua. Ya kwako ilikuwa tayari tangu jana."

Getini mlinzi alimwambia afungue mfuko. Miaka tisa hawajawahi kumfungulisha. Akatoa mwavuli, bakuli la chakula, kitabu kidogo cha nyimbo. Mlinzi akakishika kwa mgongo, akakitikisa kurasa zikining'inia chini, hakikudondosha kitu.

"Ni agizo, mama. Samahani."

"Haya." Akavirudisha mfukoni kimoja kimoja. Mazoea yakamtangulia. "Kama nimekukosea leo..."

"Leo nimekukosea mimi," alisema mlinzi, akitazama barabarani. "Pita."

Hakwenda nyumbani. Alitembea hadi kwenye nyumba za idara, zile za mstari mmoja zenye milango ya bluu, akabisha mlango wa Mzee Miwani. Ukafunguka kiasi cha jicho.

"Na wewe wamekutuma?" aliuliza mjane.

"Hapana, dada. Nimekuja mwenyewe."

"Jana walikuja watatu. Nao walisema wamekuja wenyewe, kunipa pole. Wakapasua godoro." Jicho lilimpima toka viatu hadi kilemba. "Sema hapo hapo ulipo."

Akasema pale pale kizingitini, amesimama kwa mguu mmoja, hakuacha kitu: Jumanne, kioo cha meza, kidevu, pengo kwenye daftari, karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipofika pale mzee alipomuuliza, alitazama chini, akaendelea.

Mlango ukafunguka wote. Mjane alikuwa mwembamba kuliko siku ya mazishi. Nyuma yake vyombo vilikuwa vimeshafungwa kwenye shuka.

"Alikuuliza mara mbili."

"Mara mbili."

"Usiku alikuwa halali usingizi. Aliniambia, mke wangu, kuna jalada halijarudi, na kuna mtu ninayempenda ananidanganya. Nikamuuliza nani. Akakataa kukutaja."

Mama Kwaheri akafungua mdomo.

"Usiniombe msamaha," alisema mjane. "Leo sina. Ingia."

Alimkalisha kwenye kigoda, akafungua bunda moja la vyombo alilokwisha kulifunga, akatoa daftari la shule lenye kurasa zilizobaki na kalamu iliyotafunwa.

"Andika kama ulivyoandika kule."

Akaandika. Mjane alisimama juu yake, akifuata kila neno kwa midomo.

"Umeruka pale alipokuuliza. Tia."

Akatia. Akasaini.

"Tarehe."

Akaandika tarehe.

"Na saa."

"Saa ya nini, dada?"

"Kesho watasema hukufika hapa. Andika na saa."

Mama Kwaheri akatazama simu yake. Saa kumi na robo. Akaandika. Mjane akaichana ile karatasi taratibu kwenye pindo, akaisoma mara mbili, akaipeleka dirishani kwenye mwanga kuona kama wino umekauka, akaitia kifuani. Halafu akamrudishia daftari.

"Sasa andika nyingine," alisema. "Hiyo moja wataipata."