Nyayo Ishirini na Saba

Zilikuwa zimebaki sekunde mbili. Careen akarusha mpira kwenye kikapu cha upande wa jikoni ya chuo, ukaingia bila kugusa chuma. Tulikuwa nyuma kwa pointi tatu, arobaini na nane kwa hamsini na moja. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na karo la vyombo, nikaruka na fagio mkononi. Halafu nikaona mwamuzi ameinua vidole viwili, siyo vitatu. Akatembea mpaka pale Careen aliporukia, akaonyesha chini. Kwenye mstari mweupe wa chokaa palikuwa na alama ya ncha ya kiatu.

Ukikanyaga mstari wa pointi tatu, unapewa mbili. Hamsini kwa hamsini na moja, na kipyenga kikalia.

Mstari ule niliuchora mimi.

Nafanya usafi katika chuo kimoja hapa Babati, ukitokea mjini kama unakwenda Singe. Nafagia madarasa, ofisi na uwanja wa mpira wa kikapu. Uwanja hakuna aliyeutaka kwa sababu ya vumbi, lakini mimi niliuomba, ili jioni niwe na sababu ya kubaki hapo timu ya wasichana ikifanya mazoezi. Timu inaitwa Kwaraa, kama mlima. Miaka mitatu sijakosa mechi yao ya nyumbani hata moja. Mama Sijaona, mpishi wa chuo, hunicheka.

"Wewe Naiputa, timu ikishinda unashiba?"

"Hapana, Mama Sijaona."

"Basi njoo uchambue mchele."

Mimi si mtu wa kuongea. Niliachia shule darasa la tano, mwaka ule ng'ombe wetu walipokufa kwa ukame Simanjiro na baba akanileta kwa shangazi huku Nangara. Wanachuo wakinisalimia naitikia huku naangalia chini, ndiyo maana wachezaji wote niliwajua kwanza kwa viatu. Viatu vya Careen vilikuwa vya bluu, kimoja kina kamba nyeupe, kingine kina kamba ya njano. Siku moja viatu hivyo vilisimama mbele yangu visiondoke, na sauti ikauliza, "Dada, unaitwa nani? Kila siku unatuchorea uwanja na hatukujui." Tangu siku hiyo akawa ananiita Nai.

Alhamisi kabla ya mechi mvua ilinyesha, ikafuta kabisa mistari ya upande wa jikoni, ambayo siku zote nilikuwa naipaka tu chokaa juu yake. Upande wa pili, chini ya ukuta wa ukumbi, mistari ilibaki. Mwalimu Damiani, anayefundisha timu, akanipa tepu ya kupimia.

"Mstari wa pointi tatu ni mita sita na sentimita sabini na tano kutoka chini ya kikapu. Utaweza?"

"Ndiyo, mwalimu."

Niliivuta ile tepu nilipobaki peke yangu. Ilikuwa na namba pande zote mbili, kubwa na ndogo, na za upande mmoja hazikufanana na za mwingine. Ningeweza kumfuata mwalimu ofisini nikamuuliza. Nikafika mpaka mlangoni, nikasikia walimu wengine wanacheka ndani, nikarudi.

Nikapima kwa miguu. Upande wa ukumbi nilitembea kutoka chini ya kikapu, kisigino kikigusa kidole, mpaka kwenye mstari. Nyayo ishirini na saba. Nikarudia mara tatu, ishirini na saba. Nikakoroga chokaa, nikaenda upande wa jikoni, nikahesabu ishirini na saba kutoka chini ya kikapu kila pembe, nikaweka kokoto, nikaunganisha kokoto kwa brashi. Ulitoka mstari mzuri. Mwalimu akapita akasema, "Safi." Nililala na furaha.

Jumamosi wakati wa kupasha misuli, Careen alirusha mipira minne upande wa jikoni, yote ikaishia hewani.

"Nai, kikapu umekihamishia Magugu?"

"Kikapu kiko palepale," Edda, nahodha wao, akamjibu. "Wewe ndiye umezeeka. Nenda kanywe uji."

Wote walicheka, na mimi nikacheka nikiwa nimejiziba mdomo kwa kanga.

Baada ya mechi hakuna aliyecheka. Wageni wa Singida walipanda basi lao wakiimba. Mwalimu Damiani aliwakalisha wetu chini, akawaambia kwamba matumaini bado yapo. Jumatano Singida watacheza na Kondoa. Kondoa wakishinda, Kwaraa wanakwenda Dodoma kwenye mtoano wa kanda. Wasiposhinda, msimu umekwisha. Kwa Careen na Edda, walio mwaka wa mwisho, ungekuwa umekwisha kabisa.

Careen alikuwa amevua kiatu cha kamba ya njano, amekishika kwa mikono miwili, anakiangalia mbele pale kwenye ncha.

Jumapili niliingia kufagia. Sijui kwa nini nilianza kuhesabu tena. Nilitembea pekupeku kutoka chini ya kikapu, upande wa jikoni. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Nilipoinama, mstari ulikuwa bado uko mbele yangu, kama shibiri mbili hivi.

Nilikaa pale pale kwenye sementi. Nilikumbuka yote. Upande wa ukumbi nilipima pekupeku. Nilipokoroga chokaa ikaanza kuniunguza kwenye nyufa za visigino, nikavaa ndala za shangazi. Ndala zinazidi mguu wangu kwa upana wa kidole tu, lakini kidole hicho nilikihesabu mara ishirini na saba.

Kiatu cha Careen hakikukanyaga mstari. Mstari ndio ulikuja mpaka kwenye kiatu chake. Ile ilikuwa pointi tatu, na tungecheza muda wa nyongeza.

Ningemwambia siku hiyohiyo. Alipita jikoni mchana na sahani yake, macho yamevimba, akasema, "Mambo, Nai," nikasema, "Poa," basi. Nilimwogopa mwalimu, niliogopa kupoteza kazi, lakini zaidi niliogopa kwamba viatu vile havitasimama tena mbele yangu. Nikajiambia nisubiri Jumatano. Kondoa wakishinda, itakuwa haina haja ya kusema. Usiku niliomba Kondoa washinde, na najua sikuomba kwa ajili ya Careen peke yake.

Zile siku niliufagia uwanja wote, ile alama ya kiatu nikaizunguka.

Jumatano jioni walikusanyika kwenye ngazi za ukumbi, mwalimu ana simu mkononi. Kondoa waliongoza mpaka robo ya tatu. Edda alianza kupanga nani atalala kitanda cha juu Dodoma. Halafu ujumbe ukachelewa. Ulipoingia, mwalimu aliusoma kimya, akaiweka simu mfukoni.

"Singida kwa pointi tisa," alisema. "Asanteni sana, mabinti zangu."

Alhamisi nilimkuta Careen peke yake uwanjani, amekaa chini ya kikapu cha jikoni bila mpira. Nilisimama. Nikaangalia viatu vyake, nikasema yote, tepu, ndala, nyayo, bila kupumzika, kama mtoto anayetumwa dukani anayeogopa kusahau.

Akainuka, akavua viatu, akaniambia, "Pima nione." Nilipima pekupeku. Ya ishirini na saba ilipoishia, alikuja akasimama pale, akaiangalia ile nafasi iliyobaki mpaka kwenye chokaa.

"Lakini na Singida walishambulia upande huu," alisema. "Kipindi cha kwanza. Yule namba kumi na moja wao alirusha kutoka hapa karibu, ukaingia, mwamuzi akasema amekanyaga. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilipiga makofi.

"Basi na wao mstari uliwanyima pointi moja, kama sisi. Ukiurudisha mahali pake, wao wana hamsini na mbili, sisi hamsini na moja." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Tumefungwa tu, Nai. Hakuna aliyetuonea."

Nilitaka nifurahi, sikuweza.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili." Alianza kuvaa viatu, akikaza kamba polepole. "Nai, siku nne hizi nimeuchukia huu mguu. Nilikuwa nikilala naona kidole. Edda akiniambia nile, naona kidole. Nimempigia mama yangu Katesh nikamwambia nimewakosesha wenzangu Dodoma kwa uzembe, akalia na yeye. Ungeniambia tu. Tungepima hivi hivi Jumapili, tukahesabu, tukajua."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

Niliangalia chini, kwenye zile kamba mbili. Alinigusa begani, si kwa hasira, akaondoka kuelekea mabwenini.

Jumamosi wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliondoka na bajaji kwenda stendi, magodoro juu. Mimi nilikuwa uwanjani na ndoo. Bajaji ya Careen ilipita getini. Alipunga mkono, lakini walikuwa wengi wanaopungiwa, sijui kama nilikuwemo.

Jumatatu nilimfuata mwalimu ofisini, wenzake wakiwepo, nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, sijui kusoma tepu." Akanionyesha upande wa sentimita. Haikuchukua hata dakika mbili.

Nikaja kuufuta mstari kwa maji na brashi ngumu. Alama ya kiatu niliiacha mpaka mwisho. Nayo ilitoka haraka kuliko nilivyodhani. Halafu nikavuta tepu kutoka chini ya kikapu mpaka sita na sabini na tano, nikaweka kokoto ya kwanza. Mechi hakuna mpaka mwakani.