Mnunuzi Aliyelalia Maparachichi

Pale Makambako, nyuma ya maduka ya vipuri, kulikuwa na chumba cha mabati ambacho Brayson alikiita chuo. Ndani mlikuwa na mabenchi, ubao, na bendera ya Uingereza iliyochorwa ukutani. Mchoraji alikosea mistari yake, lakini kwa kuwa hakuna aliyegundua, haikuhesabika kuwa kosa. Watu walimwita Ticha. Alivaa suti ya kijivu hata siku za vumbi, na alipenda kuanza sentensi kwa kusafisha koo.

Brayson hakufundisha sarufi. Alisema sarufi ni ya watoto wa shule, na kwamba Mwingereza halisi hazungumzi kwa maneno bali kwa misemo. Basi kila jioni aliandika msemo mmoja ubaoni akaufafanua. Neno moja moja alilijua vizuri. Alichokosa ni maana ya maneno yakiwa pamoja, na pengo hilo alilijaza kwa kipaji chake mwenyewe. "Piece of cake", ambayo Waingereza huitumia kwa jambo jepesi, yeye alisema ni lalamiko la mtu aliyealikwa harusini akapewa kidogo. "Under the weather", ambayo ni kujisikia vibaya, alisema ni kuishi mahali penye mvua nyingi, kama Makete.

Mmoja wa wanafunzi wake, Romani, alikuwa mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni. Siku moja mtalii aliyekuwa akitetemeka kwa homa alimwambia kwamba yuko "under the weather". Romani akampa pole kwa mvua za kwao, akamkabidhi ufunguo. Mtalii akaenda kuugua chumbani, na Romani akaja darasani kutoa ushuhuda wa jinsi msemo ulivyofanya kazi.

Sifa za namna hiyo husafiri. Zilifika hadi kijiji kimoja nje ya mji wa Njombe, ambako kikundi cha wakulima wa maparachichi kilikuwa kimepata habari kwamba mnunuzi kutoka Ulaya anakuja mwenyewe kuona mzigo. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mzee Filemoni, karani mstaafu, ambaye hakumaliza kikao bila kusema "so to say", yaani tuseme hivyo, hata alipokuwa akifunga kwa sala. Katibu alikuwa Esnath, ambaye wengi walimwita Mama Ema.

Esnath alipendekeza Madam Flora awe mkalimani. Flora alifundisha Kiingereza katika sekondari ya kata, alikuwa mwanachama, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya mto. Mzee Filemoni alikataa kwa upole. Alieleza kuwa Kiingereza cha Flora ni cha darasani, na mgeni huyu atahitaji kile cha kwao. Flora hakujitetea. Alionekana kama mtu aliyeachiliwa na polisi. Kikao kikaamua Brayson aitwe kutoka Makambako, na Esnath akapiga kura ya ndiyo pamoja na wengine, maana hakutaka kuonekana mtu wa nyuma.

Mgeni alikuja mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika. Aliitwa Colin, na kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kinamwita Mista Kolini. Springi ya gari lake ilikatika njiani, hivyo dereva alimshusha akageuza kwenda Makambako kuitengeneza, akiahidi kurudi kesho yake asubuhi. Dereva huyo alijua Kiswahili na Kiingereza sawasawa. Aliondoka, na mgeni akabaki mikononi mwa Brayson.

Mambo yalianza vizuri. Akina mama walimsalimia "kamwene", naye akajitahidi kujibu. Kwenye banda la kukusanyia alikuta makreti yamejazwa hadi juu, kila tunda limekatwa likiwa na kikonyo chake. Esnath alikuwa ameyachagua mwenyewe, akiyageuza moja moja kama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Mista Kolini aliyashika, akayanusa, akatabasamu. Mzee Filemoni akataja bei. Mgeni akaangalia mabati ya paa kwa kitambo, kisha akasema, "I'd like to sleep on it."

Brayson akasafisha koo.

"Anasema anataka kulala juu yake."

Mzee Filemoni akauliza juu ya nini.

"Juu ya mzigo. Ndiyo desturi yao ya biashara. Mzungu hanunui kitu ambacho hajakilalia."

Mzee Filemoni aliitikia kwa kichwa polepole, akasema hata yeye enzi za ofisini alipata kulisikia jambo hilo. Wajumbe waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa vichwa pia, maana ikiwa mwenyekiti alilisikia, nani akubali kwamba yeye hakulisikia. Madam Flora alifungua mdomo, kisha akaufunga. Esnath alimwona, akadhani ni baridi.

Chumba kilikuwa kimeshaandaliwa mjini Njombe, chenye maji ya moto. Kikaachwa. Vijana walipanga makreti safu kwa safu kama kitanda, akina mama wakaleta godoro kutoka kwa mwenyekiti na mablanketi kutoka kila nyumba. Mgeni alipoonyeshwa aliuliza kama ni hapo kweli. Brayson akamjibu kwa kujiamini kwamba ndiyo, alale juu yake. Mista Kolini alicheka, akatazama nyuso zilizomzunguka, akaona hakuna anayecheka. Kwao, kabla ya safari, aliambiwa kwamba wenyeji wa huku huumia sana mgeni akikataa wanachompa. Akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Akina mama walirudi majumbani wakiwa na furaha, wakisema huyu atanunua.

Asubuhi alitoka bandani akitembea kama mtu aliyelima wiki nzima kwa jembe la mkono, pua imekuwa nyekundu. Esnath alimpa chai ya moto, naye akakishika kikombe kwa mikono yote miwili hadi chai ikaisha. Ndipo akaomba godoro litolewe akague mzigo kwa mara ya mwisho.

Alikagua kreti la kwanza, la pili, akaacha. Maganda yalikuwa yamechubuka, na vikonyo vingi vimeng'oka, na tunda likishang'oka kikonyo haliwezi kuvuka bahari bila kuoza. Aliongea na Brayson kwa sauti ya chini, akionekana kusikitika kweli, na mwishoni akasema "no hard feelings", yaani asichukiwe kwa kukataa.

Brayson akawageukia wanachama. Alieleza kwamba mgeni amekataa. "Anasema ameyagusa, akahisi hayana ugumu."

Hapo Mzee Filemoni aliwageukia akina mama. Kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko matusi, alisema kwamba amekuwa akionya muda mrefu kuhusu kuchuma matunda yaliyoiva, lakini watu hawasikii, so to say, na sasa wamekiaibisha kikundi mbele ya Ulaya. Wanaume wakaguna kukubaliana naye. Wanawake wakatazama chini. Hata walioshika kila tunda kwa mkono wao wakaanza kujiuliza kama kweli lilikuwa gumu.

Esnath hakujiuliza. Hasira ilimsahaulisha kuona haya. Alimpita Brayson, akasimama mbele ya Mista Kolini na kutumia Kiingereza chote alichobakiwa nacho tangu darasa la saba.

"You. Why no?"

Mgeni alichukua tunda, akamwonyesha shimo la kikonyo na mchubuko wa ganda. Kisha akakandamiza kiganja kimoja juu ya kingine.

Esnath akaonyesha godoro lililokuwa limeegemezwa ukutani. Kisha akamnyooshea kidole mgeni. "You sleep. You say, sleep."

Mista Kolini alitazama godoro, akatazama makreti, akamtazama Brayson. Uso ulimwiva hadi masikioni. Aliketi kwenye kreti tupu akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakawa yanatikisika. Alipoinuka alisema pole mara kadhaa, kisha akagusa kichwa chake na kunena taratibu kwamba maana yake ni kufikiri. "Think. Tomorrow, answer." Maneno hayo hayakuhitaji chuo cha mtu.

Esnath aliwageukia wenzake akawaeleza. Mgeni alikuwa ameomba akafikirie, ajibu kesho. Basi.

Brayson aliirekebisha tai yake. Alifafanua kwamba kuna Kiingereza cha kusini na Kiingereza cha kaskazini, na kwamba bahati mbaya kikundi kimeletewa mtu wa kaskazini. Mzee Filemoni alisema hilo nalo alipata kulisikia.

Esnath akamfuata Flora, aliyekuwa amesimama mlangoni kama anayesubiri ruhusa ya kuondoka.

"Madam, ulijua?"

"Nilijua, Mama Ema."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ticha angenijibu kwa Kiingereza cha haraka mbele ya watu," Flora alisema. "Ningeonekana sijui."

"Kwa hiyo ukaona heri tuonekane sote."

Esnath akamwacha hapo mlangoni.

Dereva aliporudi ndipo mazungumzo ya kweli yalipofanyika, wakiwa wamesimama wima kando ya gari. Mista Kolini alikubali kuchukua matunda yaliyokuwa bado mitini, na alisisitiza yachumwe na watu walewale waliochuma ya kwanza. Yaliyolaliwa yalienda kwa madalali, wakayabeba kwa bei ya kusikitisha huku wakiuliza nani aliyakanyaga.

Katika kikao kilichofuata Mzee Filemoni alitoa taarifa kwamba mzigo uliathiriwa na baridi. Esnath alisimama akasema uliathiriwa na makalio ya mgeni, aliyelazwa juu yake na mwenyekiti na mkalimani wake. Wanawake walicheka hadi wengine wakatoka nje. Mwenyekiti akasema hoja hiyo haikuwa kwenye ajenda, akafunga kikao kwa sala. Hakuomba radhi, na hakuna aliyetarajia aombe. Lakini walipokuja kuchuma tena, hakuna mwanamke aliyemruhusu aingie bandani.

Brayson alirudi Makambako akiwa na picha aliyopiga pamoja na Mista Kolini, akaitundika chini ya ile bendera yenye mistari iliyokosewa. Alijiita mkalimani wa kimataifa, na hakuwa anasema uongo. Wanafunzi waliongezeka hadi wengine wakasimama mlangoni.

Miongoni mwao alikuwa Madam Flora, ambaye alikuwa akija kila Jumamosi kutoka Njombe. Romani alipomuuliza mwalimu mzima wa Kiingereza anatafuta nini pale, alijibu kwamba maana za maneno anazo, tena sahihi. Alichokuja kujifunza ni kule kujiamini, na katika mkoa mzima hakuona mwingine wa kumfundisha.