Mchaichai Uliopasuliwa Katikati

Mshonaji alikata majani ya mchaichai nje ya mlango wa jikoni, akayafunga fundo na kuyatia kwenye sufuria ya maji. Juu ya ngazi, shemeji yake alikuwa akipaka ukuta rangi. Machale yalimcheza. Shemeji huyo alikuwa mkono wa birika tangu utotoni. Kaka yake, mume wa mshonaji, alipofariki hakuleta hata kiberiti. Leo kanunua rangi, na anapaka huku akiimba.

Maji yalipochemka, mvuke ulitoa sauti ya shemeji huyohuyo, maneno aliyomwambia dada yake jana.

"Tupake rangi kwanza. Nyumba yenye rangi haikosi mnunuzi."

Mshonaji akapunguza moto ili asikie vizuri.

Mchaichai ule aliupanda yeye na marehemu mumewe walipomaliza kujenga. Ulipata jua la kutwa, maji na samadi kidogo, ukafura hata majirani wakaja kuomba. Anayeomba mchaichai hupewa chipukizi la pembeni, lenye mizizi yake. Majirani wote walipewa hivyo, na michaichai yao haikusema neno. Lakini wifi, huyo dada wa shemeji, alikuwa kipenzi chake. Wifi alipoomba, mshonaji alichukua jembe akalipasua shina katikati ya moyo, nusu kwa nusu. Mmea haukujua kwamba umekuwa miwili. Yaliyosemwa kando ya nusu moja yakawa yanatoka kwenye sufuria ya nusu nyingine, na wifi aliupanda barazani, pale wanapokaa kuteta.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki nzima mshonaji alichemsha chai asiyokuwa na hamu nayo. Akajua mnunuzi keshapatikana, akajua ataambiwa rangi ikishakauka. Aliwachukia, na alijionea haya kwa jinsi alivyowapenda.

Jumapili aliwaalika wote wawili, akaleta jiko la mkaa sebuleni na kuchemshia mbele yao. Akaona bora wajisikie kwa masikio yao. Mvuke ulisema yote, bei na jina la mnunuzi. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akasema majani yamezidi.

"Nyumba hii nilijenga na kaka yenu," mshonaji alisema. "Tofali nimebeba kwa kichwa hiki."

Wifi hakubisha. Alimshika mkono, kama zamani.

"Na sufuria yetu inasema, wifi yangu. Kila asubuhi tunakusikia hapo mlangoni unamlilia marehemu, unamwambia huna pa kwenda."

Kwa mara ya kwanza wiki ile mshonaji alipata tumaini.

"Sasa mnajua," alisema.

"Tunajua, wifi yangu. Ndiyo maana tumekupa mpaka mwisho wa mwezi."

Kisha wifi akasogeza kikombe aongezewe.