Mkebe wa Biskuti wa Bi Winifred

Kinyesi cha mbwa kikilowa mvua ya Lancashire, kule Uingereza, halafu kikapigwa na jua la mchana mmoja chini ya dirisha la jikoni, hakuna sabuni ya kukishinda. Bi Winifred Ollerenshaw alikuwa amekwisha kujaribu zote. Yeye alikaa nyumba ya chini katika jengo la shirika la nyumba. Juu yake alikaa Darren Stubbs na mbwa wawili wakubwa ambao hawakutolewa nje hata siku moja. Walijisaidia kibarazani huko juu, naye Darren, kwa raha zake, alichukua beleshi akamwaga chini: kwenye ua wa Bi Winifred, kwenye maharage yake, kwenye nguo alizoanika. Akisemeshwa, anacheka.

"Mbolea hiyo, bibi! Wenzako wananunua!"

Yote hayo Bi Winifred angeyameza. Lakini mumewe, Cyril, alikuwa hospitali na kidonda kibichi cha upasuaji, na muuguzi aliyetumwa kukagua nyumba aliishia mlangoni, akaziba pua, akasema hapa mgonjwa harudi. Uchafu usipokoma, Cyril atapelekwa kwenye makao ya wazee. Waliishi pamoja tangu ujana wao, leo watenganishwe na mavi ya mbwa!

Simu alishapiga. Halmashauri walisema hiyo ni kazi ya shirika la nyumba. Shirika likasema ni ya polisi. Polisi wakamrudisha halmashauri. Shoga yake Glenys ndiye aliyemwambia kwamba sheria ipo: ukilalamika mara tatu usisaidiwe, unaweza kudai ofisi zote zikae meza moja zieleze zilifanya nini.

"Wadai, Winnie! Utajikaza kisabuni mpaka lini?"

Siku ya kikao Bi Winifred alivaa koti lake la kanisani, akabeba mkebe wa biskuti, akaongozana na Glenys. Mwenyekiti, Bi Pettifer wa halmashauri, alipouona, uso ulimchanua, maana mabibi wa mji ule hawaendi mikono mitupu hata kwa daktari wa meno.

"Jamani, umetuokea keki! Usingejisumbua."

"Wala si usumbufu," alisema Bi Winifred, akauweka miguuni pake.

Chai ikamiminwa, na sahani ya biskuti za ofisi ikawekwa mezani. Bwana Lomax wa shirika la nyumba akasoma kumbukumbu za simu zake. "Mlalamikaji alianza kwa kuomba radhi kwa kutusumbua. Akasema pengine si kitu. Alipoulizwa hali yake, akajibu hawezi kulalamika. Shauri likafungwa." Sajenti Birtles wa polisi naye alikuwa na yale yale. Mama alisema wapo wenye shida kubwa kuliko yake. Wakafunga.

Uso ulimwaka Bi Winifred. Ni kweli alisema hivyo. Nani hasemi? Kwao hata nyumba ikiungua, kwanza unawaomba radhi wazima moto kwa kuwaamsha. Na hawa watatu walilelewa hivyo hivyo! Lomax mwenyewe, alipokanyagwa na Glenys pale mlangoni, ndiye aliyesema samahani. Walijua vizuri kuwa maneno yale ni adabu tu. Waliyachukua yalivyo kwa kuwa yaliwapunguzia kazi.

"Kwa hiyo utaona," alisema Bi Pettifer, akichovya biskuti kwenye chai, "kila ofisi ilifuata utaratibu. Una la kuongeza?"

Glenys alifumbua mdomo. Bi Winifred akamgusa goti.

"Samahani kuwasumbua," alisema. "Pengine si kitu."

Akaupandisha mkebe mezani, kati ya birika na sahani, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na foronya ya Cyril, aliyoifua ili mzee aje ailalie, na juu yake mzigo wa asubuhi ile, mbichi, kama ulivyoanguka.

Biskuti ya Bi Pettifer ilidondokea kikombeni. Lomax alikimbilia dirisha.

"Toa!" alifoka Sajenti Birtles, mkono puani. "Toa hicho kitu, watu wanakula hapa!"

"Hata kwangu watu wanakula, mwanangu."

Bi Pettifer alikuwa amegeuka rangi. "Mumeo... anatoka lini?" aliuliza kwa shida.

"Ijumaa, akiwa na pa kurudi."

"Kesho asubuhi tutatuma watu. Nakuahidi. Wote watatu tutakuja na huyo Stubbs tutamwona."

"Leo," alisema Bi Winifred, akivaa glavu zake kidole kimoja kimoja. "Mkebe nawaachia. Mtanirudishia mkija."

Alipofika mlangoni akageuka.

"Na muuoshe."