Rula ya Sentimita Thelathini

Jumatatu saa tatu asubuhi Rukia alifika ofisi ya Kamati ya Ukuta wa Mto akiwa na ndoo ya mapeasi. Alikuwa ameyapanga mwenyewe, magumu chini na yaliyoiva juu, ili yasipondeke njiani. Alifuta matope ya viatu kwenye majani, akabisha hodi. Ndani alimkuta Salvatory, mchoraji wa kamati, akinywa chai chini ya mchoro.

Mchoro huo ndio ulioukinga mji wa Kwemazi. Salvatory aliuchora miaka miwili nyuma, akiwa ndani ya gari, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na viatu vyake vilikuwa vipya. Alipiga mstari mwekundu kando ya mto kuonyesha ukuta mpya utakapopita. Alianzia stendi, akapita sokoni, akapandisha mpaka kwenye mashine ya kusaga, na hapo akaacha, kwa kuwa rula ilikuwa ya sentimita thelathini na ilikuwa imeisha. Kamati ikagonga muhuri. Masika yalipokuja mto ulijaa, ukafika kwenye mstari, ukasimama. Ukuta haukuwa umejengwa hata jiwe moja, lakini maji yalisimama wima, marefu kuliko mtu, yakakata kona pale kwenye mashine kwa adabu. Wauza kabichi waliendelea kuuza wakiwa wameyapa mgongo. Wazee walisema mto wa siku hizi umesoma.

Basi ukuta haukujengwa tena. Kamati ilikutana kila mwezi kupanga uboreshaji wa mstari, na wajumbe wakanenepa. Ukuta wa zamani, ule wa mawe waliouweka mababu, uliachwa ubomoke. Huko nyuma, kila Februari, watu waliitana msaragambo kuutengeneza. Kila nyumba ilileta mawe yake, wanaume wakapanga, wanawake wakashindilia udongo, na uji ukachemka kando kwa wote. Sasa aliyetaja msaragambo alionekana mshamba.

Juu ya mashine ya kusaga, upande mto unakotokea, kulikuwa na nyumba tatu, na ya mwisho ilikuwa ya Rukia. Masika ya kwanza mto ulimchukulia jiko na mbuzi wawili. Kabla ya masika ya pili aliingia ofisini wakati wa chakula cha mchana, akaurefusha mstari mwenyewe kwa penseli nyekundu. Maji yalifika, yakatulia kidogo, kisha yakapita, kwa sababu kipande kile hakikuwa na muhuri. Yalifika mpaka kwenye godoro la mama yake, Bi Saumu, aliyevunjika nyonga na asiyeweza kutembea. Sasa masika ya tatu yalikuwa yanakuja, na redio ilisema mvua zitazidi.

"Shikamoo mama," alisema Salvatory, maana alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya ule mstari. Vidole viwili tu. Mama hawezi kukimbia."

Salvatory alichagua peasi, akaling'ata. Maji yake yalimtiririka kidevuni mpaka kwenye kola.

"Tatizo ni rula, mama. Imeishia hapo. Ndefu tumeshaagiza."

"Si uisogeze hiyo hiyo?"

"Nikiisogeza, huo ni mstari mwingine. Mstari mwingine unataka kikao."

Kikao kilikaa Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa diwani, Mheshimiwa Sharifu, mwenye nyumba ya wageni kule mlimani. Alikula sambusa sita, akafuta vidole kwenye ukingo wa mchoro, upande ule wa nyumba ya Rukia. Kisha kamati iliamua kuongeza mstari mfupi kuizunguka nyumba ya wageni, mahali ambapo maji hayajawahi kufika tangu enzi za Wajerumani. Huko rula ilitosha. Wakagonga muhuri. Mapeasi ya Rukia yaliliwa walipofika kwenye ajenda ya mengineyo, na mbegu zikatemwa sakafuni. Inatia kinyaa kusimulia, lakini ndivyo walivyofanya, na mhudumu akafagia.

Rukia aliita msaragambo. Walikuja majirani zake wawili, Yusuph na Perpetua, na jamaa zao. Kwa siku nne waliinua mawe ya mababu, wakayapanga mpaka yakafika kifuani, na Bi Saumu alibebwa nje akakoroga uji akiwa amekaa. Siku ya tano ilikuja barua kwamba ujenzi huo haumo kwenye mchoro na unaharibu mpango. Nyuma ya barua lilikuja lori. Mawe yalizolewa yote, na wiki iliyofuata nyumba ya wageni ilikuwa na ngazi nzuri sana.

Maji yalikuja Jumanne moja ya Aprili, baada ya sala ya alasiri. Rukia alikuwa sokoni akiuza karoti. Alikimbia kando ya mstari mpaka kwenye mashine, na pale hakuona nyumba hata moja, aliona maji tu. Akageuka kukifuata kitanda cha mama yake, kilichokuwa kimeshampita juu ya maji.

Kitanda cha Bi Saumu kilikuwa kinateremka juu ya maji, karibu kabisa na mstari, juu kidogo ya vichwa vya watu. Mwenyewe alikuwa amekaa wima, blanketi magotini, ushungi umefungwa vizuri. Soko zima liliinua nyuso.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wanangu. Nishusheni."

Watu walimtazama Mheshimiwa Sharifu, aliyekuwa amesimama chini ya mwavuli. Alisema mkono ukivuka mstari, mstari unaweza kuharibika, na soko lina bidhaa za watu. "Vumilia bibi," alisema. "Kamati itakaa." Wanaume waliokuwa wameshanyoosha mikono waliirudisha mifukoni. Hata mbwa asingefanya hivyo.

Rukia aliitumbukiza mikono ndani ya maji mpaka mabegani, akakamata ncha ya blanketi, akavuta. Blanketi lilikuja. Kitanda kikaendelea, kikapinda kona ya stendi.

Ripoti ya kamati ilisema mstari umefaulu kwa asilimia mia moja na hakuna kabichi lililolowa. Kuhusu ombi la nyumba tatu, ilisema halina haja tena kwa kuwa nyumba hazipo.

Siku hizi Rukia anaishi kwenye chumba nyuma ya mashine ya kusaga, ndani ya mstari. Kila masika, maji yakishasimama, Bi Saumu hupita kwenye kitanda chake baada ya alasiri. Watu huweka chini mizani, humsalimia, kisha hurudi kupima. Rukia humrushia blanketi kavu. Yeye hulipokea, hujifunika miguu, humwambia bintiye ale vizuri.

Mara ya mwisho alipopita, Salvatory alikuwa amesimama pale pale kando ya maji, akila muhindi wa kuchoma. Alifuta mdomo kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Rula mmepata?"

"Bado, bibi. Tumeshaagiza."