Ngata ya Chiriku

…na tena anageuza shingo, tulia Chiriku, nimekwambia tulia, chanuo litakuumiza, na mdogo wangu anacheka katikati ya magoti yangu, eti nikivuta hivyo nitamng'oa mpaka na akili, na mama huko jikoni anasema fanyeni haraka, shangazi yenu asikute kichwa nusu shamba nusu pori, na mimi nasema tulia, neno hilohilo tangu asubuhi, mwalimu wa Kiswahili alisema kutulia kumezaliwa na kutua, mtu katoka kisimani na ndoo kichwani, anaitua, shingo inapumua, hapo ndipo anatulia, hakuna utulivu kabla mzigo haujafika chini, nililipenda somo lile, lilikuwa la mwisho kwangu, kesho yake nilikaa kwa fundi cherehani nikishona vifungo, na sasa kazi nimeipenda, ndiyo maana shangazi alipotaka msichana wa kumlelea mapacha wake, tena alinitaka mimi, mkubwa, nisiye na shule ya kupoteza, nikamwambia mama fundi ndiyo kwanza ananifundisha kukata kola, mpeni Chiriku, anajua kubembeleza watoto… nilisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, mama akasema haya, ila usimwambie bado, atalia… "Dada, nikirudi utanitilia madaftari makava mapya?" nitakutilia, geuka huku, anadhani ni likizo tu, daftari la hesabu kalificha kwenye mfuko chini ya magauni ili asisahau kujumlisha, nililiona wakati nafunga zipu, nikafunga zipu… alisema anataka nywele za kuzunguka, basi nimezungusha, msuko juu ya msuko, na sasa utosini pana duara nene, na mkono wangu unasimama, maana duara hii naijua, nimeikunja kwa kitambaa kila siku nilipokwenda kuteka maji, ni ngata, ya kukalia ndoo, ninamsukia ngata mtoto wa watu, mtoto wa mama yangu, mzigo ulikuwa wangu na nimeutua, kweli nimeutua, shingo yangu nyepesi, mbona basi usiku silali, mwalimu hakutuambia inakuwaje ukiutua juu ya kichwa cha mwenzio… "Mbona umeacha, dada? Si nimetulia?" na kweli katulia, mgongo umenyooka, shingo wima, kama mtu anayesubiri kutwikwa, "Mmemaliza?" mama anauliza, bado, mama, bado msuko mmoja, chanuo limo mkononi, kichwa chake kimo magotini mwangu, nikishaufunga nitaingia jikoni nimwambie nguo za Chiriku zitoke kwenye ule mfuko, ziingie zangu, kola zitakatwa na mwingine, naogopa, shingo imeanza kuwa nzito kabla hata sijasema, na ajabu, ndani yangu kuna kitu kimekaa chini, "Dada?" nipo, nasema, ukitaka kugeuka, geuka.