Atarudisha Masomo

Tarehe tano Februari samaki wa Kasenyi walichelewa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kupanda kutoka ziwani, na pikipiki zilifika soko la Bunia saa nne badala ya saa moja. Martine alichagua sangala sita, akabishana kidogo juu ya bei, akakaa kwenye kidumu chake na kuanza kuparua magamba. Alipomfikia samaki wa tatu, aliingiwa na Kemia ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Iliingia yote, kwa Kifaransa, pamoja na makosa ya profesa. Martine alimaliza samaki wake, akafuta kisu, akamwambia jirani yake Gentille, anayeuza chumvi na mawese, kwamba sasa anajua kwa nini chumvi inazuia nyama kuoza. Gentille aliuliza kama jambo hilo litapandisha bei ya chumvi. Martine akasema hapana, halitapandisha. Basi wakaendelea kuuza.

Martine mwenyewe aliacha shule darasa la nne. Aliyesoma ni mwanawe Delphin, na aliyesomesha ni mlima mzima. Nyuma ya mji mdogo wa Iga Barrière, wakati bado kuna watu huko, walikuwepo wafugaji wenye chama chao cha kusaidiana, wakikiita mutuelle. Ng'ombe wao walikuwa wakifa kwa maradhi yasiyo na jina, na daktari wa mifugo aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mbali. Wakakubaliana kumsomesha mtoto mmoja. Kila familia ilitoa ng'ombe mmoja, jumla kumi na wanne, wakauzwa mmoja mmoja kwa miaka sita.

Mkataba uliandikwa na Athanase, katibu wa chama, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza. Ulisema hivi: Delphin akimaliza, atarudisha masomo. Mdhamini ni mama yake. Rehani ni parseli ya mama yake iliyoko Bunia, yaani kiwanja na nyumba yake. Kila aliyesoma aliona kwamba mwalimu amesahau neno feza, kwamba alitaka kusema feza ya masomo. Lakini nani atamsahihisha mwalimu? Wakatia dole gumba, Martine wa kwanza.

Delphin alimaliza vizuri. Alifanya kazi mwaka mmoja, kisha akapata karatasi za Kanada. Huko walitazama diplome yake kwa heshima, wakamrudishia, wakamweleza kwamba akitaka kuwa daktari wa mifugo aanze upya na alipe upya. Wakati anafikiria, alipata kazi katika machinjio ya mji mmoja wenye upepo na theluji. Kwa miaka miwili alituma dola za deni kila tarehe tano ya mwezi. Kisha akapata mtoto, kodi ikapanda, gari likataka matairi ya baridi. Januari hakutuma kitu.

Wakati huo mlima ulikuwa umekwisha kuhamwa. Watu waliokuja na bunduki walichukua ng'ombe wote na kuchoma nyumba, na zile familia kumi na nne sasa zilikuwa zikilala chini ya maturubai pembezoni mwa Bunia. Athanase alikimbia na daftari la chama chini ya shati. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walibaki na daftari bila mali. Komite iliendelea kukutana kila Jumapili baada ya ibada, na mwezi huohuo wa Januari ilimwandikia Martine kwamba deni lisipokwisha hadi mwisho wa Novemba, itachukua parseli. Hawakuwa watu wabaya. Nyumba ya Martine ni ya matofali, ina vyumba vitatu na bati jipya, na wao mvua ilikuwa ikiwaamsha.

Kemia ilifuatwa na Botania siku hiyohiyo, Martine alipokuwa akipaka samaki chumvi. Tarehe tano Machi ikaja Anatomia, ambayo ilikuwa ndefu hata akauza samaki wawili kwa bei ya mmoja bila kutambua. Jumapili Delphin alipiga simu, kama alivyopiga kila Jumapili tangu aanze kudaiwa, kuomba radhi. Martine alimuuliza kama ni mzima. Alijibu kwamba ni mzima, ila kuna vitu vinamtoka kichwani. Alisema haviumi, vinatoka kama jino la utoto.

"Mama, miye niko nakata kipande moja tu, ile ndefu ya mugongo," alisema. "Kila siku ile tu. Tangu juzi sijue tena inaitwaka je."

"Longissimus," Martine akasema.

"Njo ile. Aksanti."

Martine alipomweleza yaliyomwingia, Delphin alisema kama hayo masomo yanaweza kusaidia huko nyumbani, basi yaende tu, maana yeye huku hayatumii. Alisema kwa roho safi, kama mtu anayetoa koti lililombana. Martine aliumia. Aliumia zaidi kuliko siku aliyosikia kwamba ng'ombe wamechukuliwa, kwa sababu ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu.

Jumapili iliyofuata alikwenda mbele ya komite bila dola hata moja. Alieleza yaliyompata. Walimsikiliza hadi mwisho. Athanase, ambaye sasa macho yamemfifia, alimuuliza swali moja: ng'ombe anavimba chini ya masikio, anakataa majani, anakohoa, siku ya nane anakufa, ni nini? Masomo ya maradhi yalikuwa bado hayajafika, na Martine alisema hivyo bila aibu. Wakamwambia arudi yakifika. Yalifika Juni, akarudi, akajibu: ni kupe. Akataja jina la ugonjwa kwa Kifaransa, akataja dawa, akasema sindano ikidungwa mapema, ng'ombe anapona.

Mjumbe mmoja wa komite alimgeukia Athanase, akamuuliza kwa upole, kama kweli siku ile alisahau kuandika feza.

"Sikusahabu," Athanase alisema. "Feza ya kufanya nini? Ng'ombe tulikuwaka nayo. Munganga ya ng'ombe njo tulikosaka."

Basi ikaandikwa daftarini kwamba deni linalipwa kwa namna iliyokubaliwa.

Kuanzia hapo watu wa mlima wakawa wanakuja kwenye meza ya samaki. Walikuja na maradhi ya ng'ombe ambao hawapo tena. Mmoja alieleza ndama aliyekufa miaka tisa iliyopita akiwa na povu mdomoni. Mwingine alieleza fahali aliyevimba tumbo upande wa kushoto baada ya kula majani mabichi yenye umande, akaanguka mbele ya mke wa mwenye fahali. Martine aliuliza maswali, akasema ilikuwa nini, na ingefaa kufanywa nini. Walishukuru, wengine wakanunua samaki. Angélique, ambaye siku hizi anafua nguo za watu, alieleza ng'ombe wake aliyezaa ndama akitanguliza miguu ya nyuma. Martine alimwonyesha jinsi mkono unavyoingia na jinsi unavyovuta, kwa kutumia mfuko wa unga. Angélique alijaribu mara mbili hewani, na mara ya tatu akaweza. Alisimama kidogo na mkono wake umenyooka, kisha akaenda kufua.

Gentille alilalamika kwamba foleni inaziba chumvi yake. Alisema elimu haina mwisho, lakini meza ina mwisho.

Mwezi wa nane muuza nyama mmoja wa njia ya Marabo alimwita kwa ng'ombe aliye hai, aliyevimba tumbo. Martine alikwenda kwa pikipiki, akapasua ubavu pale panapotakiwa, hewa ikatoka, ng'ombe akasimama. Wiki iliyofuata aliitwa kwenye ofisi ya mifugo. Karani, kijana mpole aitwaye Paluku, alimuuliza namba ya diplome. Martine alieleza kwamba diplome iko Kanada, ukutani, kwa jina la mwanawe, ila masomo yenyewe yako hapa. Paluku hakubisha. Alimuuliza hata juu ya mbwa wake mwenye upele, akaandika jibu kwenye kiganja. Lakini fomu ilikuwa na sehemu ya namba, na bila namba alilazimika kuandika kwamba mama huyu asiguse ng'ombe tena.

"Kule kuko karatasi bila masomo, hapa kuko masomo bila karatasi," Martine alimwambia. "Na fasi zote mbili munakataza."

Paluku aliona ni kweli. Aliliandika hilo pia, sehemu ya maoni, akapiga muhuri.

Ilipofika Oktoba, masomo yote yalikuwa yamerudi isipokuwa kitabu cha mwisho, kile ambacho mwanafunzi huandika mwenyewe ili amalize, na ambacho Delphin alikiita memwari. Martine alijua kilihusu nini. Delphin alikuwa amerudi mlimani likizo nzima, akapita boma kwa boma na daftari, akihesabu ndama waliokufa na waliopona. Alilala kwa kila familia. Alikula kwao. Mlima wote alioujua Delphin akiwa mtu mzima ulikuwa ndani ya kile kitabu, na kikirudi kingemtoka kichwani.

Martine alifikiri jambo hili siku tatu. Kisha akakwenda kwenye turubai la Athanase, akamwomba memwari isipokelewe. Deni lililobaki libaki.

"Deni ikibakia, Mama Delphin, rehani inabakia," Athanase alisema. "Mwisho ya Novemba parseli inaenda."

"Iende. Mutoto mwenye deni anapigaka simu."

Athanase alifungua daftari. Juu yao turubai lilikuwa na tundu lililozibwa kwa sabuni. Familia kumi na nne zingepata vyumba vitatu, na yeye angepata pa kuweka daftari pasipolowa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumzuia huyu mama. Hata hivyo alimuuliza mara ya pili kama ana hakika. Martine alipojibu ndiyo, Athanase aliandika: mdhamini anaomba deni lisiishe. Alisema katika miaka yake yote ya kuandika hajawahi kuandika sentensi hiyo.

Jumapili ya mwisho kabla ya tarehe tano, Martine alimwambia Delphin asitume. Alimweleza kwamba yeye yuko tayari kuhama, kwamba Gentille ana chumba cha nyuma, na nyumba ni matofali tu. Delphin alisikiliza, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa lugha nyingine.

"Mama, niko nachoka kudaiwa," alisema. "Nataka nilale siku moja bila deni. Dawa ya deni ni kulipa, njo weye ulinifundishaka."

Ni kweli, Martine ndiye aliyemfundisha.

Tarehe tano Novemba memwari ilikuja kwenye samaki wa pili. Kurasa mia moja na kumi na mbili, pamoja na majedwali. Walikuwemo ndama sitini na mmoja, kila mmoja na jina la mama yake na boma lake. Lilikuwemo boma la Angélique, na maziwa aliyompa Delphin asubuhi ya kwanza. Ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla ya hesabu zote, ulikuwa na mstari mmoja ambao Martine hakuwahi kuambiwa kwamba uliandikwa, na hakuna mtu aliyewahi kumsomea: Kwa mama yangu, aliyeweka nyumba yake rehani.

Martine aliweka kisu chini. Alilia pale sokoni, mchana, mbele ya wateja, na magamba mikononi. Gentille aliuza samaki wa Martine badala yake hadi alipomaliza kulia.

Jumapili komite ilimrudishia karatasi ya parseli. Athanase alisoma kwa sauti kwamba masomo yamerudi na chama hakidai tena. Watu walipiga makofi, mvua ikaanza, kila mmoja akakimbilia chini ya turubai lake. Martine alirudi kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu, akaweka karatasi sandukuni, akakaa karibu na simu. Simu haikulia. Ilipofika saa mbili usiku akapiga yeye.

Delphin aliitika vizuri. Alimwita Mama, alimuuliza habari ya mgongo wake. Alisema amelala usingizi mzuri wiki nzima, na kazini wanamsifu kwa jinsi anavyoshika kisu, ingawa hajui alijifunzia wapi. Martine alimwambia kwamba komite imemaliza, na sasa hana deni.

"Deni gani, Mama?"

"Ya ng'ombe."

Delphin alifikiri kidogo. Alikuwa akijitahidi, hilo Martine alilisikia.

"Ng'ombe huku iko mingi, Mama," alisema. "Kila siku inapita elfu tatu."

Kisha kengele ya zamu ikalia upande ule, akaaga kwa adabu.

Kesho yake samaki walifika saa moja kamili. Angélique alikuwa wa kwanza kwenye meza. Alikumbuka ng'ombe mwingine, yule mwekundu, aliyekuwa akichechemea kabla ya vita. Alisema, "Mama Delphin, ile ilikuwa nini?" Martine alimuuliza ni mguu gani.